Steroidi ya Puani na Hofu ya Kuishiwa Kinga

Ikifika Juni, mama akinipigia simu ya video kutoka Tanga, salamu zake hubadilika. Haanzi na hali yangu wala habari za kazi, anaanza na "Nani kakuliza?" Ananiona macho mekundu, kope zimevimba, pua inachuruzika. Namwambia ni nyasi. Hapa Manchester huo ndio wakati nyasi zinapotoa maua, na chavua yake, ule unga laini wa maua, inasafiri na upepo mpaka vyumbani mwa watu. Mama hucheka, maana mtoto aliyekulia jirani na mashamba ya mkonge kuangushwa na nyasi za Ulaya ni kichekesho kweli. Ila akiniona nachukua kichupa na kupuliza puani, kicheko kinakatika. "Hiyo si ndiyo yenye steroidi? Mwanangu, haikumalizi kinga hiyo?"

Swali hili silisikii kwa mama peke yake. Nafanya kazi kwenye kaunta ya duka la dawa, na wenzetu wa mji huu, Wabarawa, Wakongomani, Wakenya, Wazanzibari, wakishajua kuna mtu wa kuongea naye Kiswahili, hunivuta pembeni. Wanashika boksi la dawa ya puani, wanasoma neno steroidi, wanalirudisha. Wengine wameshaandikiwa na daktari na wamelipia, lakini kichupa kimekaa kabatini hakijafunguliwa.

Wana haki ya kuuliza. Steroidi kweli hupunguza nguvu ya kinga, na hilo ndilo tunaloitumia ifanye. Lakini inapunguza kinga ipi, sehemu gani ya mwili, na kwa kiasi gani? Nikijibu hayo kaunta foleni inaniangalia vibaya, kwa hiyo naandika hapa.

Mafua haya ya chavua yana historia ndefu Uingereza, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1819 John Bostock, daktari mzaliwa wa Liverpool, aliwasomea madaktari wenzake London habari za mgonjwa aliyemtaja kwa herufi tu, J.B., ambaye tangu utotoni kila kiangazi macho yalimwasha, alipiga chafya mfululizo na kifua kilimbana. J.B. alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa ameshatolewa damu, amekunywa kasumba, ameoga maji baridi, bila nafuu ya maana. Baadaye alitafuta wenzake wenye hali hiyo, na kufikia mwaka 1828 alikuwa amewapata 28 tu. Leo ningewapata hao kabla ya chakula cha mchana bila kuondoka kaunta.

Bostock alidhani chanzo ni joto. Aliyethibitisha kuwa ni chavua ni Charles Blackley, daktari wa hapa hapa Manchester, katika kitabu alichokitoa mwaka 1873. Naye alikuwa mgonjwa. Alijipaka chavua puani wakati wa baridi, nyasi zote zimelala, na mafua yakaja. Alijikwaruza ngozi ya mkono na kuiweka chavua pale, ngozi ikavimba. Kisha akarusha tiara zilizofungwa vioo vya kunata ili ajue chavua inapanda juu kiasi gani. Sisi Tanga tiara tulikuwa tunarusha kwa ajili ya kukatana nyuzi tu.

Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo hapa pua haikusema neno. Ndivyo inavyokuwa kwa wahamiaji wengi: mtu anafika mzima, anapitisha misimu kadhaa salama, anawacheka Waingereza na leso zao, halafu zamu yake inafika. Mwili unahitaji muda wa kukutana na kitu mara nyingi kabla haujakichukia.

Chuki hiyo inajengwa hivi. Punje ya chavua ya nyasi ikitua kwenye ute wa pua, protini zake zinayeyuka. Chini ya utando wa pua zimo seli za doria ziitwazo seli za dendriti. Zinadaka kipande cha protini, zinakipeleka kwenye tezi za limfu na kuwaonyesha seli T, makamanda wa kinga. Kwa watu wengi habari inaishia hapo, hakuna la hatari. Kwa watu wa aina yangu, kundi la seli T liitwalo Th2 linatoa kemikali za kupashana habari, interlukini ya 4 na ya 13, zinazoziamuru seli B, viwanda vya antibodi, zitengeneze antibodi (protini ya kinga inayomshika adui mmoja maalumu) ya aina ya IgE dhidi ya chavua hiyo. Antibodi hii ndiyo mwili unayoitumia kwenye vita vya minyoo. Iligunduliwa miaka ya 1960: mume na mke Kimishige na Teruko Ishizaka, Wajapani waliokuwa Denver, waliieleza mwaka 1966, na Wasweden Johansson na Bennich wa Uppsala wakaifikia kwa njia yao karibu wakati huo huo. Mwaka 1968 ikapewa jina lake rasmi.

IgE haizururi tu kwenye damu. Inakwenda kukaa juu ya seli za masti, ambazo zimejaa histamini, kemikali ya muwasho, na zimetapakaa chini ya utando wa pua na macho. Msimu unaofuata chavua ikirudi inazigusa antibodi hizo, na ndani ya dakika chache histamini inamwagika. Hapo unapata chafya, kuwashwa na makamasi ya majimaji.

Watu wengi wanadhani aleji inaishia hapo. Kumbe saa kadhaa baadaye kuna awamu ya pili, na kwangu hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ule mmwagiko wa kwanza umeshapiga mbiu, na sasa seli nyingine zinaingia puani kutoka kwenye damu: basofili, seli T zaidi, na hasa eosinofili zinazoitwa na interlukini ya 5. Utando unavimba, pua inaziba. Ndiyo maana mtu anatembea bustanini saa kumi na moja jioni, anapiga chafya kidogo, anasahau, halafu saa nane za usiku yuko macho anahema kwa mdomo. Vidonge vya aleji vinaizuia histamini isifanye kazi, kwa hiyo vinasaidia chafya na muwasho. Kwa kuziba kwa pua havifui dafu, kwa sababu wakati huo waliojaa puani ni wengi na histamini ni mmoja wao tu.

Sasa tuje kwenye steroidi. Mwili wenyewe unaitengeneza kila siku, kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, na inaitwa kotisoli. Bila hiyo mtu hufa. Mwaka 1948 huko Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke mwenye ugonjwa mkali wa viungo dawa ya kotisoni, dada yake kotisoli, iliyotokana na kazi ya mkemia Edward Kendall. Baada ya siku chache mwanamke aliyekuwa hajiwezi akatembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Halafu ikaja bili. Waliotumia kwa muda mrefu walivimba uso, mifupa ikawa dhaifu, sukari ikapanda, vidonda vikakataa kupona, maambukizi yakawaingia kirahisi. Hofu ya mama yangu imezaliwa hapo, na kwa vidonge na sindano ni hofu yenye akili.

Baada ya hapo wakemia walianza kutafuta steroidi yenye tabia tofauti: ifanye kazi pale inapotua, na ikimezwa iharibiwe kabla haijaenea mwilini. Beklometasoni ilikuwa ya mwanzo kupata umaarufu, kwanza kwa kuvutwa kifuani kwa wenye pumu hapa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 Niels Mygind wa Denmark akachapisha majaribio yake ya kuipuliza puani kwa wagonjwa wa mafua ya chavua, nayo ikawafaa. Budesonidi, flutikasoni na mometasoni zilifuata baadaye.

Inafanyaje kazi? Molekuli ya steroidi ni ya mafuta, kwa hiyo inapenya ukuta wa seli bila kubisha hodi. Ndani inakutana na kipokezi chake, wanashikana, wanaingia pamoja kwenye kiini cha seli, mahali jeni zilipo. Huko inazizima jeni zinazotengeneza zile kemikali za mbiu, interlukini ya 4, ya 5, ya 13 na wenzake, na inaziwasha jeni za protini za kutuliza kama aneksini ya 1. Maana yake ni kwamba hii dawa haimfukuzi aliyekwisha kufika. Inazuia wito usitolewe, na wasioitwa hawaji. Ukichunguza utando wa pua ya mtu aliyeitumia kwa wiki kadhaa za msimu unakuta eosinofili chache, seli za masti chache karibu na uso wa utando, seli za dendriti chache, seli T chache.

Kazi ya aina hii haiwezi kuwa ya dakika tano. Protini zilizokwisha kutengenezwa lazima ziishe kwanza. Mtu anaweza kuhisi nafuu kidogo ndani ya saa 12, lakini nafuu kamili inachukua siku kadhaa, pengine wiki mbili. Nikiulizwa kwa nini watu wanaisema vibaya dawa hii, jibu langu la kwanza ni hili: wanaitumia siku mbili jua likiwa kali, wanaona hakuna kitu, wanaitupa.

Kuna jaribio moja nalipenda sana, la mwaka 1987, la Pipkorn, Naclerio na wenzao katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Walikuwa wameshaona kwamba vidonge vya prednisoni, steroidi ya kumeza, vilivyotumiwa kwa siku mbili vinaituliza awamu ya pili ya aleji, lakini ile ya kwanza, ya chafya na histamini, inapita kama kawaida. Kisha wakawapa watu dawa ya kupuliza puani, flunisolidi, kwa wiki moja kabla ya kuwawekea chavua puani. Safari hii awamu zote mbili zilipungua, na histamini kwenye maji waliyosukutua puani ikashuka. Tafakari hapo kidogo. Kidonge kilichozunguka mwili mzima kilishindwa na mpulizo uliokaa puani kwa wiki.

Jambo jingine lililonifungua macho ni la John Connell wa Marekani, mwaka 1968. Aliwapulizia wagonjwa kipimo cha chavua siku baada ya siku, akaona kwamba kadiri siku zinavyokwenda pua inahitaji chavua kidogo zaidi na zaidi ili ilipuke. Mwanzoni mwa msimu inavumilia nyingi. Katikati ya msimu punje chache zinatosha, kama mtu aliyekesha siku tatu ambaye ukimwambia "za asubuhi" tu anataka ugomvi. Seli zilizoitwa jana bado zipo puani leo, zinangoja. Hapa Juni inapokatika hesabu ya chavua ya nyasi inaweza kushuka kutoka zaidi ya punje 150 katika mita moja ya ujazo ya hewa, ambayo watabiri huiita juu sana, hadi 40, kiwango cha wastani, na bado nakuwa hoi. Zamani nilidhani watabiri wa hali ya hewa wanatudanganya.

Steroidi ya puani inaukata mwendo huo, lakini inaukata vizuri zaidi ikiutangulia. Msimu wa nyasi hapa unaanza katikati ya Mei, kwa hiyo mimi naanza kupuliza mwanzoni mwa Mei, pua ikiwa nyeupe kabisa na watu wakiniona mwendawazimu. Wenye aleji ya mti wa bachi, unaotoa chavua kuanzia Machi, waanze mapema zaidi. Kila siku, si siku ya mafua tu.

Na kinga yote kwa jumla je? Kuna alama moja inayoonekana nje ya pua. Kwa kawaida msimu wa chavua unapandisha kiwango cha IgE ya chavua hiyo kwenye damu. Kwa watu waliopuliza steroidi mfululizo, kupanda huko kumeonekana kuwa kudogo. Athari hiyo imeiangukia antibodi inayowatesa wenyewe, na sioni wa kuililia. Haiifuti hata hivyo. Ukiacha dawa, IgE yako ipo, na Juni ijayo mko pamoja. Anayetaka kuubadilisha mwili uzoee chavua atafute tiba ya kuuzoesha kidogo kidogo, ambayo Leonard Noon aliichapisha kwa mara ya kwanza London mwaka 1911 na ambayo huchukua miaka mitatu hivi. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Tufanye hesabu. Mtu mzima anayetumia flutikasoni hupuliza mara mbili kila tundu kwa siku, jumla mikrogramu 200. Sehemu kubwa inateremka kooni na kumezwa, ini linaidaka na kuiharibu, na inayofika kwenye damu haizidi asilimia 2, yaani mikrogramu 4 hivi. Kidonge kimoja tu cha prednisoloni, steroidi ya kumeza, cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000, na sehemu kubwa yake huingia kwenye damu. Flutikasoni ina nguvu zaidi gramu kwa gramu, kwa hiyo usizigawanye tu namba hizi ukapata jibu, lakini pengo linaonekana. Mwaka 2020, korona ilipotutia sote wazimu na kila mtu akiogopa chochote chenye neno steroidi, wataalamu wa aleji wa Ulaya waliwashauri wagonjwa wasiache dawa zao za puani.

Utando wa pua nao haukondi, kwa dawa hizi za kisasa. Wagonjwa waliotumia mometasoni mwaka mzima walikatwa vipande vidogo vya utando vikachunguzwa, na utando ulikuwa mzima. Kinachosumbua kwa kawaida ni ukavu na damu kidogo, na mara nyingi kosa ni la mkono. Watu wanaelekeza ncha kwenye ukuta wa katikati ya pua, wanavuta pumzi kwa nguvu, dawa inaishia kooni. Penga kamasi kwanza, tikisa kichupa, inamisha kichwa kidogo. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ielekee upande wa sikio. Vuta pumzi taratibu tu.

Watoto ni suala la kweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 uliwafuatilia watoto waliopulizwa beklometasoni mara mbili kwa siku mwaka mzima, wakarefuka kama sentimeta 5.0, wakati wenzao waliopewa dawa bandia walirefuka 5.9. Kwa mometasoni kipimo cha kawaida tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo mtoto apewe kipimo kidogo kinachomtosha na urefu wake upimwe, basi. Mwenye presha ya macho au mtoto wa jicho amwambie daktari wake. Mwenye kifua kikuu, kidonda puani au aliyepasuliwa pua karibuni asianze kabla ya kuuliza.

Ninachokiogopa mimi ni vitu ambavyo watu hawaviogopi. Yale matone ya kuzibua pua papo hapo, yakitumika zaidi ya wiki moja, yanaifanya pua izibe upya kila yanapoisha nguvu. Na ipo sindano. Wateja wananisimulia kwamba nyumbani walidungwa "sindano ya aleji" wakapona wiki nyingi, wanataka na hapa waipate. Mara nyingi ukiuliza dalili na muda wake unakuta ni steroidi ya kukaa mwilini, ambayo ikishaingia huwezi kuitoa. Mtu huyo huyo ndiye anayerudisha kichupa cha puani kwa kuogopa kinga yake.

Limebaki moja, na kwa watu wa kwetu ni zito kuliko yote niliyoandika. Nimesema ini linaiharibu flutikasoni. Linatumia kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Ritonaviri, dawa inayochanganywa kama kiongeza nguvu kwenye baadhi ya ARV, mfano atazanaviri na lopinaviri, inakizuia kimeng'enya hicho, na kobisistati inafanya hivyo hivyo. Mtu akizitumia pamoja na flutikasoni, hata hii ya puani tu, steroidi inarundikana kwenye damu wiki baada ya wiki. Wapo wagonjwa waliovimba uso namna ile ile ya wale wa miaka ya 1950, na tezi zao za juu ya figo zikalala. Budesonidi na mometasoni zinapita njia hiyo hiyo. Wanaotumia dolutegraviri bila kiongeza nguvu hawamo kwenye hatari hii. Tatizo ni kwamba watu wengi hawamwambii mhudumu wa duka la dawa kuwa wako kwenye ARV, hasa mhudumu akiwa Mswahili mwenzao anayeweza kukutana na shemeji yao msikitini. Naelewa. Basi usiniambie unaumwa nini. Nionyeshe jina la dawa kwenye simu, au niambie tu "natumia kitu chenye ritonaviri," nami nitakwenda rafuni kukuletea beklometasoni. Ni ya zamani, na kwa mtu wa kawaida inafika kwenye damu zaidi kuliko flutikasoni, lakini haikitegemei sana kimeng'enya kile ili iondoke mwilini.